Huyu Mfupi Atamuua Mzee

Mafuta ya shokapu yana harufu yake. Si nzito kama oili ya injini, wala si kali kama dizeli. Ni harufu nyembamba ya kitu kilichofungiwa gizani miaka mingi, kikapata joto, kisha kikamwagika juu ya vumbi. Nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka siku mwanangu wa mwisho aliponipitisha gereji moja Dar es Salaam tukiwa njiani kwenda msibani. Alitaka gari lake lishushwe. Vijana wanapenda gari lilale chini, karibu na lami, kama paka anayevizia. Fundi alikuwa ameshika springi nyekundu, mpya, fupi, na miguuni pake ililala shokapu kuukuu, lile bomba la mafuta linalotuliza gari lisirukeruke, ikivuja.

"Springi tunafunga leo," fundi akamwambia mwanangu. "Shokapu endelea na hizi hizi. Nyingine utatafuta baadaye."

Kabla sijajizuia nikasema, "Funga vyote pamoja, au usifunge kabisa."

Wote wawili wakageuka kunitazama. Mwanamke wa umri wangu, ushungi wa msibani kichwani, anajua nini kuhusu shokapu?

"Mama, hayo umejifunzia wapi?" mwanangu akauliza huku akicheka.

Sikumjibu, maana tulikuwa tunachelewa, na jibu lenyewe si la kusimulia umesimama. Nalisimulia hapa.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake kichwani, kwa hiyo nilipokuwa mdogo neno mama kwangu lilikuwa na harufu ya bibi: tumbaku ya kunusa, moshi wa kuni za mkambala, na mafuta ya nyonyo aliyojipaka magotini. Tuliishi upande wa Kang'ata, katika kijiji kipya. Ninyi wa rika langu mnajua kijiji kipya kilikuwaje siku zile za kuhamia vijijini: nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule wakati wa paredi, udongo wa kuta haujakauka, na kila asubuhi kuku wa watu wamechanganyikana kwa sababu hata wao walikuwa hawajajua kwao ni wapi.

Siku ya kuhama, bibi alishuka vibaya kwenye lori. Ukingo wa bati ukamchana mguu juu kidogo ya kifundo. Lilikuwa jeraha dogo, akalifunga kwa kitambaa cha kanga akaendelea kupanga vyungu vyake. Lakini halikupona. Liligeuka kidonda, mguu ukavimba mpaka gotini, na ikafika mahali hakuweza kuunyanyua zaidi ya kimo cha kizingiti. Ilibidi kila mwezi apelekwe hospitali Korogwe, kidonda kisafishwe na achomwe sindano.

Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika, lakini nyumbani tulikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, kuukuu, ambalo meneja mmoja wa shamba la mkonge alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Lilikuwa limesimama juu sana kwa ajili ya barabara za shambani. Mimi nililipanda kwa kushika mlango na kuruka. Bibi hakuweza kuruka. Wanaume wawili walimnyanyua, mmoja makwapani na mwingine magotini, wakamwingiza kwa mgongo. Wakifika Korogwe walimtoa vilevile.

Safari moja kanga yake ilivutika katikati ya uwanja wa hospitali wakati wanamshusha. Ilikuwa asubuhi, watu wamejaa, na wengine walikuwa vijana wa umri wa wajukuu zake. Nilikimbia nikamfunika. Kesho yake, baba alipomletea chai, bibi akasema, "Huko sirudi tena. Mimi si gunia la mahindi."

"Mama, mguu utaharibika."

"Uharibike. Ni wangu."

Baba alizungusha kikombe. Nilimwona akitazama nje, kwenye gari. Aliwaza jambo siku ile, ila hakumwambia mtu, kwa kuwa alitaka kumshangaza mama yake. Na hapo ndipo shida yetu yote ilipoanzia.

Wakati huo mama mdogo alikuwa ametimiza miezi miwili nyumbani. Baba alikuwa amemwoa kutoka Kilole, pale Korogwe. Wazazi wake walikuwa watoto wa manamba, watu waliokuja kutoka mbali kukata mkonge wakabaki hukohuko. Alikuwa mfupi, mfupi hasa. Akitwanga, mchi ulimpita kichwa. Alikuwa na mikono yenye nguvu na alifanya kazi bila kelele. Kizigua, lugha yetu, hakukijua. Bibi alikuwa akiongea nami Kizigua hata mama mdogo akiwa amekaa hapohapo, na mama mdogo aliinamisha macho kwenye mchele wake akaendelea kuchagua mawe. Nakiri kwamba nililifurahia hilo. Nilikuwa na bibi mmoja tu, na sikutaka kumgawa.

Likizo ya shule ilipofika baba alinichukua kwenda Korogwe. Alisema analipeleka gari kwa fundi, halafu tutapita kwa wakwe zake kusalimia. Fundi huyo, Zakaria, alikuwa amefanya kazi miaka mingi karakana ya shamba la mkonge, na sasa alijitegemea uani kwake Kilole, chini ya paa la makuti lililoezekwa nusu na mabati. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia moja ambayo sikuijua bado: vyuma alivisema kama watu. Kwake bolti ilikuwa "huyu mkaidi". Betri ilikuwa "mgonjwa wetu".

Nilimwamkia, nikaambiwa niende kwa mke wake ndani nikanywe maji. Nilikunywa, nikapewa na kipande cha muhogo, nikarudi polepole nikitafuna. Nilipofika nyuma ya bati lililoziba upande mmoja wa gereji nilisikia sauti ya fundi, na jinsi alivyoishusha ikanifanya nisimame.

"Huyu mfupi ana nguvu, hilo silikatai. Lakini ukimwacha nyumba moja na yule mzee, nakuambia mapema, huyu mfupi atamuua mzee."

"Watazoeana," baba akasema.

"Hawazoeani hawa. Atamkandamiza kila siku, kila siku. Wewe hutaona kitu. Utaona siku mzee anaanza kutoka machozi. Ukiona machozi, ujue basi tena."

"Atachukua muda gani?"

"Kwa barabara ya maisha yenu kule? Masika hataiona."

Kisha baba, baba yangu mwenyewe, akavuta pumzi akasema, "Sasa nitafanyaje? Wa kumbadilisha simpati popote. Waache wakae hivyohivyo. Akifa, tutajua la kufanya."

Niliutema muhogo. Alisema "barabara ya kule kwenu" au "ya maisha yenu", leo siwezi kuapa. Kumbukumbu ya mtoto inaongeza chumvi pale inapoumia. Lakini hayo mengine nimeyabeba neno kwa neno. Kulikuwa na mfupi mmoja tu nyumbani kwetu. Kulikuwa na mzee mmoja tu.

Gari tuliliacha kwa fundi, tukarudi kwa lori la ushirika ambalo baba alikuwa ameliacha Korogwe. Njia nzima nilimtazama baba mikono yake ilivyoshika usukani. Ilikuwa mikono ileile. Alinipa karanga. Nilizishika mpaka zikalowa jasho, sikula hata moja.

Kuanzia siku hiyo nilianza kulinda. Mama mdogo akipakua uji wa bibi, nilidai kuuonja kwanza, nikisema napenda kuangalia kama umepoa. Akitoka kuchota maji nilipekua mfuko wake wa nguo, nikakuta gauni, kitana na kipande cha sabuni, na nikaogopa zaidi kwa sababu sikukuta kitu. Nilikataa kwenda kucheza rede. Nilikaa mlangoni kwa bibi mpaka miguu ikafa ganzi. Mama mdogo aliniuliza mara moja, kwa upole, "Mwanangu, unaumwa?" Nikasema siumwi. Nilishindwa kumtazama usoni, nikawa naitazama mikono yake na kufikiria neno la fundi: atamkandamiza.

Kwa kuwa bibi alikataa hospitali, mama mdogo ndiye aliyekiosha kidonda. Alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe kiasi, akakaa kwenye kigoda na mguu wa bibi mapajani, akausafisha na kuukamua usaha. Siku ya nne baada ya Korogwe nilikuwa nimesimama pembeni wakati anafanya hivyo. Alibonyeza kwa kidole gumba pembeni ya kidonda, kwa nguvu, na bibi akafumba macho. Tone moja likatoka, likashuka shavuni, likapotea kwenye mikunjo ya shingo.

Fundi alikuwa amesema, ukiona machozi, ujue basi tena.

Mama mdogo alipokwenda kumwaga maji nilimwinamia bibi sikioni nikamwambia kwa Kizigua chetu, harakaharaka, kwamba baba na fundi wa Korogwe wamesema mama mdogo atamuua. Kwamba hataiona masika. Kwamba baba anajua, na amesema waachwe tu.

Bibi alinigeukia. Nilitegemea aseme, "Mtoto wewe, unaota." Kama angesema hivyo, haya yote yasingetokea. Lakini bibi alikuwa ameng'olewa kwenye nyumba aliyozalia watoto wake, amebebwa kama mzigo mbele za watu, na sasa analishwa na mkono asioujua. Naona leo kwamba moyo wake ulikuwa umeshaanza kuamini jambo kama hilo kabla mimi sijafungua kinywa.

"Mwanangu kasema hivyo? Kwa kinywa chake?" akauliza.

"Nimemsikia."

Akageukia ukuta.

Tangu hapo hakula chakula cha mama mdogo. Alikubali ndizi mbichi nilizomchomea mwenyewe, na maji niliyochota kwa mkono wangu. Kidonda alikataa kisiguswe na mtu ila mimi. Nilikuwa na miaka minane. Nilikiosha nikiwa nimegeuza uso pembeni, kwa sababu kilinuka na kwa sababu niliogopa kumliza, na kwa hiyo sikukiosha. Nilikizungushia kitambaa tu. Mama mdogo alisimama mlangoni na bakuli la maji ya chumvi likipoa mikononi mwake.

"Mama, nimekosa nini?" akamwuliza bibi siku moja. "Niambie nijirekebishe."

Bibi akajifunika kanga usoni. Mama mdogo akaweka bakuli chini, akatoka, nikamsikia akipasua kuni uani. Alipasua kuni nyingi kuliko tulizohitaji.

Baba alikuwa safarini na lori, anabeba mahindi ya vuli, analala nyumbani usiku mmoja anaondoka. Akiuliza, "Bibi amekula?" nilisema amekula. Nilimdanganya bila kupepesa jicho, maana kwa hesabu zangu yeye alikuwa upande wa pili. Mama mdogo naye alinyamaza. Nadhani aliogopa kuonekana mke mgeni anayekuja kumshitaki mama mkwe. Hivyo zikapita kama wiki tatu. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milimani, na watu kijijini wakashika majembe kwa furaha. Mimi peke yangu niliyatazama mawingu yale kama mtu anayetazama moto ukija. Masika ilikuwa inafika.

Asubuhi moja nikasikia honi. Baba alikuwa amerudi na gari letu, na watoto wa kijiji walikuwa wamelizunguka wakipiga kelele, kwa sababu gari lilikuwa limepungua. Ndivyo tulivyoliona: limepungua. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi, milango imeshuka, na kiti kilikuwa sawasawa na kimo cha kigoda cha bibi. Baba alishuka akicheka peke yake. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tuhamie.

"Mama!" akaita. "Njoo uone. Hakuna mwanaume atakayekushika tena."

Aliingia ndani, na kicheko kikakatika. Bibi alikuwa na homa, midomo imekauka, na harufu ya kidonda ilikuwa imejaa chumba. Baba alifunua kitambaa changu. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vyeusi.

"Mke wangu! Hii ni nini? Mlikuwa mnafanya nini humu?"

Mama mdogo akanitazama mimi.

Tuliondoka papo hapo. Bibi alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari, ameshika bega langu upande mmoja na fimbo upande mwingine. Akageuka, akakaa kitini taratibu kama anavyokaa jikoni kwake, akaingiza mguu mmoja, kisha ule mbovu, akavuta kanga yake na kuiweka sawa. Majirani walikuwa wamesimama kutazama na hapakuwa na cha kutazama. Hata katika homa ile nilimwona ananyoosha shingo.

Lakini gari lile jipya-kuukuu halikuwa na utulivu. Kila shimo liliturusha. Tukitua, kulikuwa na mgongano chini ya miguu yetu, chuma kwa chuma, halafu gari liliendelea kucheza juu chini, juu chini, kama halijui kuacha. Bibi aliugulia maumivu. Mama mdogo, aliyekaa naye nyuma, aliushika ule mguu usigonge kitu, na bibi hakuwa na nguvu za kumkataza. Mimi nilikuwa mbele, nimegeuka nyuma, namtazama mama mdogo mikono. Tulipita Handeni mjini. Matone ya kwanza yalitukuta karibu na Misima. Mbele kidogo ya hapo maji ya mvua yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya barabara. Baba alipunguza mwendo, gurudumu la mbele likazama, likaning'inia, tukasikia mlio mkubwa, na gari likainamia upande mmoja.

Baba akashuka akaingia chini. Nilitoka na mimi, nikachuchumaa. Gurudumu lilikuwa limekaa kombo, springi imechomoka mahali pake, na kando yake bomba jeusi lilikuwa limepasuka likitiririsha mafuta membamba juu ya vumbi lililoanza kulowa. Harufu ile ndiyo niliyokuja kuisikia Dar es Salaam.

Baba alitoka chini ya gari na matope mgongoni. Alijibu kabla mama mdogo hajauliza, kama mtu anayejizomea mwenyewe.

"Shokapu imekufa. Fundi Zakaria aliniambia. Alisema huyu mfupi atamuua mzee, masika hataiona. Mimi nikamwambia, akifa tutajua la kufanya."

"Mfupi nani?" mama mdogo akauliza.

"Springi. Hizi springi fupi. Mzee ndiye shokapu. Kijana mmoja wa Kihindi, mtu wa mbio za magari, alizileta kutoka Nairobi za kushushia gari lake, akahama nchi akamwachia fundi. Nilizitaka nishushe gari mama asibebwe. Lakini springi fupi inataka shokapu fupi mwenzake, na hizo hazipatikani popote. Tukaziacha zile ndefu za zamani. Springi mpya ni ngumu, inaikandamiza shokapu mpaka inavuja. Na gurudumu likining'inia, shokapu ndefu inaliachia lishuke mno, springi inabaki haina cha kuishika." Akafuta uso. "Nilijua. Naenda kwenye zile nyumba pale mbele kutafuta gogo la kunyanyulia."

Akaondoka mbio kwenye mvua.

Sikumbuki nilianza kulia lini. Nakumbuka nilikuwa nimekaa kwenye matope, nikisema maneno yaleyale mara nyingi: nilidhani ni wewe, nilidhani ni wewe. Mama mdogo akashuka, akanishika mabega, akanitikisa.

"Ulidhani ni mimi nini?"

Nikamwambia. Yote: kule nyuma ya bati, machozi, Kizigua sikioni, ndizi za kuchoma. Mlango ulikuwa wazi na bibi alisikia kila neno. Mama mdogo aliniachia. Alisimama wima, mvua ikimpiga, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu najiuliza nimekosa nini. Na wewe ulikuwa unanitazama tu."

Nadhani angenipiga, na ningeona ni haki. Lakini bibi alimwita kutoka ndani ya gari. Hakumwita kwa jina, maana hakuwa amewahi kulitamka. Alisema, kwa Kiswahili chake kizito, "Mwanangu, njoo uniangalie huu mguu."

Mama mdogo alisimama pale kidogo. Aliingia, akapiga magoti kwenye nafasi ya miguu, akafungua kitambaa. Alitumia maji ya kunywa tuliyobeba na upindo wa kanga yake. Aliposafisha alibonyeza palepale pembeni, na bibi akalia kwa sauti, na hakuuvuta mguu.

"Mtu mzima mimi," bibi alikuwa akisema katikati ya kilio. "Mtu mzima, na nikaamini. Nisamehe."

"Tulia, mama," mama mdogo akasema. "Tulia nimalize."

Alipoona baba anarudi kwa mbali na gogo begani na wanaume wawili nyuma yake, bibi akatutazama kwa zamu, mimi na mama mdogo. "Haya yaishie humu," akasema.

Wanaume walilinyanyua gari, baba akairudisha springi mahali pake. Lakini alisimama akiitazama, mikono kiunoni. "Shimo la kwanza tu, itachomoka tena."

"Kwa sababu gurudumu linashuka mno?" mama mdogo akauliza.

"Ndiyo. Lingekuwa limefungwa lisishuke..."

Mama mdogo alikwenda kwenye buti akatoa kamba ya katani tuliyofungia mizigo. Ilikuwa nyembamba, imechakaa. Akaketi juu ya jiwe, akaifumua, akaanza kuisokota upya juu ya paja, nyuzi tatu kuwa moja, kwa kiganja kilichokwenda mbele na kurudi upesi kiasi kwamba sikuweza kukifuata. Mama yake alimfundisha kwenye kambi ya wakata mkonge kabla hajajua kusoma. Aliingia mwenyewe chini ya gari, kwa kuwa alikuwa mdogo wa kuenea, na baba akamwelekeza pa kufunga, kutoka kwenye chasisi mpaka kwenye ekseli, akiacha nafasi ya gurudumu kucheza kidogo tu. Alitoka amejaa matope na mafuta. Tulikwenda mwendo wa baiskeli. Kamba ile ilitufikisha Korogwe, saa kumi jioni.

Bibi alikatwa vile vidole viwili. Daktari alimwambia baba kwamba angeletwa wiki mbili nyuma vingepona. Mguu ulibaki, na bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, akamwona mtoto wa kwanza wa mama mdogo, Zubeda, akampakata, akamfundisha Kizigua yeye na mama yake pamoja. Mama mdogo hakunisemesha mimi mpaka mwezi ulipoandama. Alinipikia, alinifulia, alinisuka nywele, na hakusema nami. Siku aliyoanza tena, aliniambia jambo moja: "Ukisikia nasemwa, njoo uniulize mimi mwenyewe." Kisha akanituma chumvi.

Aliyebaki na mzigo ni baba. Yeye alichojua ni kwamba aliliacha gari wiki tatu kwa fundi akisubiri springi zifungwe, wakati mama yake anaoza mguu, na kwamba springi hizohizo zilimchomokea njiani. Alizing'oa akazitupa. Nilimsikia akiwaambia wageni, si mara moja, "Nilitaka kumstahi mama yangu, nikamkata vidole." Bibi alikuwepo akisikia hayo, na alisema tu, "Acha, mwanangu." Alikufa bila kumwambia. Alikuwa ananilinda.

Nilikuwa mama wa watoto watatu siku nilipoamua kumwambia baba. Baba alikuwa amestaafu, na yeye na mkewe wamehamia Kilole, karibu na ndugu za mama mdogo. Tulikaa kwenye benchi nje ya nyumba, tumemaliza chai, na akaanza tena na lile la vidole. Nikamkatiza. Nilimweleza kila kitu huku nikiangalia vidole vyangu mwenyewe, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Akaweka kikombe chini.

"Bibi yako alijua?"

"Alijua."

"Na mama yako mdogo?"

"Alijua, baba."

"Kwa hiyo miaka yote hii mlikuwa watatu," akasema. "Na mimi peke yangu."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Baba akageuka kuelekea mlangoni akaita, "Mama Zubeda! Njoo hapa."

Mama mdogo akatoka akifuta mikono, mfupi kama zamani, nywele nyeupe zimechomoza kwenye kilemba. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaelewa.

"Kwa nini hukuniambia?" baba akamwuliza.

"Ungempiga mtoto."

Baba aliliwaza. Alilizungusha kichwani muda mrefu, kama alivyokuwa akizungusha kikombe cha chai.

"Ningempiga," akasema. "Kweli, ningempiga sana."

Akasogea kwenye benchi, na mama mdogo akakaa.